Keto Bila Nyama Kanairo: Chizi Iko na Wera Yake, Managu Iko na Yake

Msee wa Kanairo akiskia keto, kitu ya kwanza anawaza ni nyama. Kilo ya mbuzi kwa meza, kachumbari kando, ugali imefukuzwa, na mtu anapiga picha ya sahani ndio mtaa ijue ameanza. Sasa wewe mwenye hukulangi nyama unabaki hapo unajiuliza utamanga nini. Ugali imeenda. Chapo, mchele, waru, githeri, zote zimeenda. Alafu inakuja ile inauma kabisa: madondo na ndengu pia zinawekwa kando, na hizo ndio zilikuwa zinakushikilia miaka yote. Ukiuliza mabeshte ufanye nini, kila mtu anakurushia jibu moja: si ukule chizi.

Hilo jibu liko sawa, lakini ni nusu tu. Chizi, paneer (ile chizi laini ya Kihindi), siagi, samli na malai ndizo zinaweza kufanya keto ya msee wa mboga isimame. Bila hizo ni ngori. Lakini nimecheki wasee wakianza na friji imejaa chizi na kumaliza wakiwa wamefunga choo, wamesota, na hawataki tena kuskia hiyo maneno. Kenye nimekuja kuamini ni hiki: kwa keto ya mboga, majani ndio dishi, na mafuta ya maziwa ndio yanayabeba. Na hapa Kenya hatuhitaji kungoja mtu wa majuu atufunze, juu kuna mashosho Kisii na Western wenye wamekuwa wakipika hivyo kabla jina keto ifike mtaani.

Sibongi na mtu mmoja tu. Kuna Wasabato kibao, hasa wa Kisii na Nyamira, wenye waliacha nyama kwa sababu ya imani. Kuna familia za Wahindi Parklands na Ngara zenye hazijawahi kupika nyama, kizazi baada ya kizazi. Na kuna mayuthi wa juzi wenye wameacha tu juu roho imekataa. Wote wakitaka kushusha wanga wanapata ukuta ule ule.

Tuanze na hesabu, juu bila hesabu utapoteza time yako. Keto inataka wanga yako ya siku ikae chini ya gramu 50, na wasee wengi hulenga kati ya 20 na 30. Ukishusha hivyo, mwili unamaliza ile sukari ulikuwa umeweka akiba kwa ini na kwa misuli, alafu ini inaanza kuvunja mafuta na kutoa ketoni. Hizo ketoni ndio ubongo unachoma badala ya sehemu kubwa ya glukosi. Sahani ya ugali ya kibandaski, ile ya kushiba, inapita hiyo gramu 50 peke yake. Chapo mbili pia. Madondo ziko na protini fiti, lakini gramu 100 zikiwa zimeiva zinabeba kama gramu 15 za wanga yenye mwili unachukua, na sijawahi ona mtu akikula gramu 100 za madondo akaridhika.

Sasa protini. Kwa kipimo cha kawaida cha gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 kwa siku. Yai moja linakupea kama 6. Gramu 100 za paneer, kama 18. Gramu 50 za cheddar, kama 12. Kwa hivyo mayai matatu, kipande cha paneer cha kujaza kiganja, na slesi mbili nene za cheddar: hapo umefika 48, na wanga ya hizo vitu zote haifikishi gramu 10. Hiyo ndio sababu chizi ni ya maana kwako. Imechukua kiti ya madondo. Msee wa nyama anaweza kuruka chizi na asidhurike. Wewe ukiiruka, na mayai hutaki, protini itatoka wapi?

Lakini cheki vizuri hiyo hesabu. Hapo ni gramu 150 za chizi na paneer kwa siku nzima, zimegawanywa asubuhi, mchana na jioni. Cheddar iko na mafuta kama gramu 33 kwa kila 100, na kalori kama 400. Ukikaa kwa kochi ukicheki filamu na kipande cha robo kilo mkononi, kinaisha bila ujue, na umemeza kalori elfu moja hata jani moja hujaona. Mtu akiniambia keto haimsaidii kupunguza mwili, swali langu la kwanza ni kama anapima chizi ama anakata tu.

Keto haikuanzia gym. Mwaka wa 1921, dokta anaitwa Russell Wilder wa Mayo Clinic huko Marekani ndiye aliipa jina na kuipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa. Watoto wenye degedege walikuwa wakipimiwa dishi kwa mizani, na mpaka leo ile keto kali ya kifafa hupangwa gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga zikiwa pamoja. Hayo mafuta mengi yalitoka wapi? Malai, siagi, mayai. Kwa hivyo mtu akikuambia keto ni ya wala nyama, mwambie mafuta ya maziwa yalikuwa ndani ya hii safari tangu siku za kwanza.

Mahali Wakenya huanguka ni kwa maziwa yenyewe, na hapa nataka tukae kidogo. Maziwa tunaipenda sana. Hii nchi hutoa zaidi ya lita bilioni 5 kwa mwaka, na sehemu kubwa inaishia kwa chai. Sasa, mililita 100 za maziwa fresh ziko na kama gramu 5 za laktosi, ile sukari yake ya asili. Kikombe kikubwa cha mililita 250 ni kama gramu 12. Chai yetu ni nusu maji nusu maziwa, alafu sukari, kila kijiko gramu 4. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko viwili viwili, na umemaliza wanga yako yote kabla hujashika uma. Dawa yake ni rahisi: kunywa strungi, uitie tangawizi, umwagie vijiko viwili vya malai nzito juu. Inakuwa nzito kuliko chai ya maziwa, na wanga inabaki kama gramu 1.

Mbona malai na chizi zinapita na maziwa inakataa, na zote zimetoka kwa ng'ombe mmoja? Maziwa ikigandishwa kutengeneza chizi, inajigawa. Protini na mafuta zinashikana zinakuwa donge. Maji yanayobaki, yale ya rangi ya kijani-manjano, yanaondoka na sehemu kubwa ya laktosi. Ile kidogo imebaki kwa donge, bakteria wanaikula chizi ikikaa kukomaa. Ndio maana cheddar iliyokaa miezi, Gouda ya zamani, Parmesan, zinakaribia sufuri. Malai nayo ni mafuta yameelea juu na maji yake ni machache, kwa hivyo hata sukari inakuwa kidogo.

Hii pia ni habari njema kwa wenye tumbo hunguruma wakinywa maziwa. Watu wazima wengi duniani hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja laktosi. Mwaka wa 2007 kikosi cha mwanasayansi Sarah Tishkoff kilichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wa Kenya, Tanzania na Sudan, na kilipata kwamba jamii za wafugaji za huku zilipata uwezo wa kunywa maziwa ukubwani kupitia mabadiliko ya jeni tofauti na yale ya Wazungu. Kwa hivyo beshte yako wa kutoka jamii ya wafugaji anaweza kupiga lita na asiskie kitu, na wewe kikombe kimoja kikukimbize choo. Chizi iliyokomaa na samli hazina hayo maneno sana.

Mala na mursik je? Bakteria wanakula sehemu ya sukari, si yote. Glasi ndogo ya mala ukiwa umeipangia kwa hesabu ni sawa, jagi ni hapana. Yogati ya kawaida bila sukari ni vivyo hivyo. Ile ya strawberry na vanilla iache kwa rafu.

Na tafadhali, usitumie Wamaasai kama leseni. Kila mara keto ikitajwa kuna msee anakumbusha watu vile daktari George Mann alipima wanaume wa Kimaasai miaka ya sitini, akapata kolesteroli yao iko chini ingawa walikuwa wanaishi kwa maziwa na nyama. Ni kweli alipata hivyo, na alichapisha mwaka wa 1964. Lakini hao walikuwa wanatembea nyuma ya ng'ombe kutwa, na maziwa ya lita kadhaa kwa siku iko na laktosi mob, kwa hivyo hiyo hata haikuwa keto. Maisha yao ni yao. Wewe unashinda kwa kiti tao, ukirudi unapanda mat.

Twende sokoni. Chizi ya Kenya mob hutengenezwa kwenye nyanda za juu, upande wa Limuru na Rift Valley, penye kuna baridi na nyasi. Ni poa, lakini cheddar kilo moja inapita thao, na kwa kijana mwenye anaanza maisha hiyo ni rent ya siku kadhaa. Ndio maana mi husukuma watu kwa paneer, na si ya kununua. Ya kupika keja.

Mitaa mingi sa hii iko na ATM ya maziwa. Unaenda na chupa yako, unalipa, inamwagika. Chukua lita mbili. Mimina kwa sufuria nzito, moto wa kati, na usiende mbali, juu maziwa ikiamua kupanda haikungoji. Ikianza tu kuchemka, zima. Kamua ndimu mbili, mimina maji yake kidogo kidogo ukikoroga polepole. Mwanzo hakuna kitu. Alafu ghafla unaona maziwa imekatika: mabonge meupe yanajitenga, na maji yanabaki safi ya kijani-kijani. Kama bado ni meupe kama maziwa, ongeza ndimu. Weka kitambaa safi kwa chujio, mimina yote, alafu pitisha maji baridi juu ili ile ukali ya ndimu itoke. Kunja kitambaa, weka sahani juu, alafu sufuria imejaa maji juu ya sahani. Baada ya saa moja hivi iko imara. Unapata kama gramu 300 na kitu, kulingana na vile maziwa ilikuwa na mafuta.

Hapo kwa mafuta ndio utofauti uko. Maziwa ya Friesian huwa na mafuta kama asilimia 3.5. Ya Jersey inafika 5. Ukijua mtu mwenye anafuga Jersey, shikana na yeye, juu paneer yako itatoka nyingi na laini. Maziwa yenye imeandikwa imepunguzwa mafuta haifai hapa kabisa, unabaki na kitu ngumu ya kusugua meno. Na yale maji yamebaki usinywe ukiwa keto, ndio yamebeba sukari karibu yote. Peana kwa mtu anakanda chapo, ama mwagia mche.

Sababu ingine ya kupenda paneer ni ya roho, na kwa msee wa mboga hii ni serious. Chizi nyingi hugandishwa na reneti, na reneti ya asili hutolewa kwa tumbo la nne la ndama mwenye bado ananyonya. Ndama anachinjwa ndio ipatikane. Parmigiano-Reggiano ya Italia, sheria yake yenyewe inasema lazima itumie reneti ya ndama. Grana Padano pia ni ya mnyama. Roquefort ya Ufaransa, hivyo hivyo. Kuna watu wamekaa bila nyama miaka, na kila wiki wananyunyizia Parmesan juu ya mboga bila kujua.

Si zote ziko hivyo. Kuna reneti ya kuvu, na kuna kimeng'enya cha kukuzwa kwa vijidudu, kile Marekani iliruhusu mwaka wa 1990 na sa hii ndicho viwanda vingi hutumia. Kwa hivyo soma lebo. Ikisema reneti ya mimea, ya vijidudu, ama kuna alama ya wala mboga, beba. Ikinyamaza, uliza wenye wanatengeneza. Wako na simu na kurasa zao, na hilo ni swali la kawaida kwao. Paneer yako ya ndimu haina hayo maswali.

Ukiwa bado unasoma lebo, cheki na hii. Zile slesi za kuweka kwa baga, na kuna chizi za pizza za bei ya kutupa, zinaweza kuwa zimechanganywa na wanga na mafuta ya mimea. Chizi iliyokunwa tayari hupakwa wanga ya waru kidogo ndio isishikane. Majarini si siagi, hata kama ziko rafu moja na watu huziita jina moja: majarini ni mafuta ya mimea yamegandishwa. Kama umetoka kutafuta mafuta ya maziwa, angalia kama lebo inasema krimu ama inasema mawese.

Sasa tufike kwa managu, juu hapa ndio roho ya hii story iko.

Beshte yangu mmoja Msabato alinipeleka kwao Nyamira, na shosho yake ndiye alinionyesha. Alichuma chinsaga, yaani saga, na managu kwa shamba, akachambua akiwa ameketi kwa kigoda, mabua kando, majani kwa ungo. Akachemsha ya kwanza akamwaga maji, ndio uchungu upungue. Alafu akarudisha kwa chungu, akaweka malai iliyokuwa imekaa siku mbili tatu, nzito mpaka inang'ang'ania kijiko, na akafunika moto ukiwa chini kabisa. Nikamuuliza, "Shosho, hii inaiva saa ngapi?" Akasema, "Mjukuu wangu, hii tunakula kesho. Leo inalala." Kesho yake ilipashwa tena, malai imeingia kwa kila jani, uchungu umebaki kidogo tu wa kukuamsha mdomo. Familia ilikula na ugali ya wimbi. Mi nilikula peke yake na mayai mawili, na nilishiba mpaka jioni.

Si Kisii peke yake. Wajaluo hupika boo (majani ya kunde) na dek (saga) na maziwa, zinalala zinapashwa, na wako na mo dhiang', samli ya ng'ombe yenye harufu yake unaiskia kutoka kwa gate. Waluhya huweka malai kwa tsisaga. Wakalenjin pia, kwa isagek. Hawa watu wote waligundua kitu ambacho sayansi inakubali: ile rangi ya machungwa imejificha kwa majani ya kijani, yenye mwili hugeuza kuwa vitamini A, na vitamini K pia, zinahitaji mafuta ndio mwili uzishike. Ukichemsha sukuma kwa maji tu, nyingi inapita tu.

Kwa hivyo hivi ndivyo mi hupanga sahani. Nusu na zaidi ni majani: managu, terere, saga, spinachi, sukuma. Mama mboga wa mtaa yetu ashajua, akiniona anasema, "Kastoma, nikukatie ya ngapi?" na anakata sukuma nyembamba vile mashine haiwezi. Kitunguu kidogo tu, juu pia iko na sukari. Kijiko cha samli cha kukaanga, malai mwisho. Juu ya majani, paneer imekatwa vipande na kukaangwa kwa samli mpaka kila upande uwe wa dhahabu. Robo ya ovacado kando. Hapo wanga iko chini, tumbo limejaa, na chizi uliyotumia ni ile ya hesabu.

Ukitoka out pia utasurvive. Diamond Plaza pale Parklands ni mahali ya kwanza mi hupeleka mbogi. Palak paneer, yaani spinachi na paneer, ni karibu ile ile fikra ya shosho, imekuja tu na njia ingine. Paneer tikka ya kuchomwa, iko sawa. Chili paneer uliza kwanza, juu mara nyingi imepakwa unga wa mahindi na mchuzi uko na sukari. Paneer makhani nayo, jikoni zingine huweka sukari ama asali kupunguza ukali wa nyanya. Naan usiangalie hata. Kwa kibandaski, sema managu, mayai boiro, ovacado, na waache ugali. Watakuchekea siku ya kwanza, ya pili wanakuwekea bila kuuliza. Choma base ukiwa na mabeshte, kachumbari na ovacado ndio zako, na ubebe kipande cha chizi kwa bag.

Mwili nao uko na maneno yake. Siku za kwanza, ile akiba ya sukari ikiisha inatoka na maji mob, na chumvi inafuata. Kichwa kinauma, miguu inalegea, unadhani keto imekukataa. Wala nyama huambiwa wanywe supu ya mifupa. Wewe weka chumvi kidogo na ndimu kwa maji moto, na kula majani yako. Choo ikifunga, ujue majani ni machache na chizi ni nyingi, juu chizi haina nyuzinyuzi hata chembe. Ongeza terere, ovacado, chia, mbegu za malenge.

Kitu yenye watu hawabongi ni madini ya chuma. Madondo zilikuwa zinakupea, na chizi karibu haina. Tena kalsiamu yake mob inaweza kuzuia chuma ya majani isiingie vizuri. Kwa madem hii ni noma, kila mwezi mnapoteza damu. Kuwe na mlo mmoja wa siku wa majani na mbegu za malenge na ndimu, bila chizi ndani, juu vitamini C ya ndimu inasaidia chuma kuingia. Ukiskia umechoka ovyo, moyo unadunda ukipanda ngazi, enda upimwe damu.

Na kolesteroli upime pia, kabla uanze na baada ya kama miezi mitatu. Mafuta ya maziwa hupandisha LDL, ile kolesteroli mbaya, kwa watu wengi, na kuna wenye inapanda vibaya sana wakiwa keto. Tafiti zimelinganisha siagi na chizi zikiwa na mafuta sawa, na chizi ilipandisha LDL kidogo kuliko siagi. Kwa hivyo zile kahawa za kutumbukiza kipande cha siagi, mi sizipendi. Kama unatumia insulini ama vidonge vya sukari, kama una mimba ama unanyonyesha, usianze kabla ya kubonga na dokta. Kuna dawa za sukari zenye zikikutana na keto zinaweza kukulaza ICU, na kuna zingine zinashusha sukari mpaka unazima.

Bei inabaki, na hapo samli ndio inaokoa. Samli ni mafuta karibu asilimia 99, haina laktosi ya kutajwa, na haihitaji friji, kwa hivyo token ikiisha haujali. Lita 10 za maziwa ya asilimia 3.5 ziko na gramu kama 350 za mafuta, na ukiengua juu kwa mkono unapata sehemu tu. Kwa hivyo usinunue maziwa kwa sababu ya samli peke yake. Fanya vile akina mama wa Ngara hufanya: kila siku ukichemsha maziwa ya nyumba, iache ipoe, toa ule utando mnene wa juu, weka kwa bakuli kwa friji. Bakuli likijaa, ongeza kijiko cha mala, liache usiku, alafu lipige mpaka siagi ijitenge. Ioshe na maji baridi. Iweke kwa moto mdogo. Itatoa povu, itapiga kelele ya maji yakiisha, alafu itanyamaza na yale machembe ya chini yatakuwa ya hudhurungi, harufu imejaa keja. Hapo chuja haraka kabla yaungue.

Time ya kufanya hivyo ni mvua ndefu. Kuanzia Aprili nyasi zikishika, ng'ombe hutoa maziwa mpaka wakulima wanakosa pa kuipeleka, na bei kwa wachuuzi inalegea. Ongea na mwenye anakuletea maziwa akuwekee malai kando. Jaza samli yako kwa chupa za kioo zilizokauka kabisa, funga, weka kabati mbali na jua, na usitumbukize kijiko chenye maji. Samli ya mwezi wa tano inakufikisha Agosti ukiwa bado unakaanga managu.